Wanaohamia kusini hawanunui jua, wananunua mahali pa kuegesha

KILA mwaka ifikapo Oktoba, mashamba ya viazisukari katika Bonde la Mto Red, mpakani mwa majimbo ya North Dakota na Minnesota nchini Marekani, hupokea vibarua wasio wa kawaida. Wengi wao wana mvi. Wamefika mume na mke, ndani ya magari yenye kitanda, jiko na choo, na kwa wiki kadhaa watafanya kazi zamu ya saa 12 kwa siku, wakipokea malori yanayoshusha mavuno kwenye vituo vya kukusanyia.

Viazisukari ni zao la nchi za baridi, ambako muwa hauoti, na ni lazima ling'olewe kabla ardhi haijaganda. Ndiyo maana kazi hiyo ni ya haraka, saa za ziada hulipwa vizuri, na mwajiri huwatafutia wafanyakazi mahali pa kuegesha penye maji na umeme. Zao likishaisha shambani, wazee hao hukunja viti vyao, huwasha injini na kuelekea kusini kabla theluji haijafunga barabara.

Safari ni ya karibu kilometa 3,000. Kwa wengi wao inaishia katika jangwa la Arizona, mahali ambapo Januari mchana mtu hukaa nje na shati la mikono mifupi, wakati huko alikotoka maji yanaganda ndoo ingali mkononi.

Msomaji wa Makete au Njombe anaweza kushangaa, kwani kwake kusini ndiko kwenye baridi. Marekani mambo ni kinyume chake. Kadiri mtu anavyoteremka kutoka Kanada kuelekea Mexico ndivyo anavyopunguza nguo, na uhamaji huo wa kufuata joto umekuwa biashara kubwa inayolisha miji mizima ya Arizona, Texas ya kusini na Florida.

Biashara hiyo inazungumzwa vibaya. Wenye mahoteli, wauza nyumba na hata baadhi ya maofisa wa serikali huitazama kana kwamba bidhaa inayouzwa ni jua. Jua halina mwenyewe na halitozwi kodi. Anachonunua mzee aliyehamia kusini ni kipande cha ardhi tambarare, maji ya kunywa, mahali pa kumwaga maji machafu, na uhakika kwamba kesho asubuhi hakuna atakayekuja kumfukuza. Anayeelewa hivyo hupata fedha. Asiyeelewa hupandisha bei mpaka wateja wanaondoka, kisha hulalamika kwamba hali ya hewa imebadilika.

Uhamaji huu una historia yake. Sheria ya mafao ya uzeeni ya mwaka 1935 iliwapa Wamarekani wazee kipato kinachowafuata popote walipo. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikawapa njia. Viyoyozi viliposhuka bei baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ya jangwani ambayo zamani ilikimbiwa majira ya joto ikaanza kukalika mwaka mzima. Phoenix, mji mkuu wa Arizona, ulikuwa na watu wapatao 107,000 mwaka 1950. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 1.6.

Mkandarasi Del Webb aliliona soko hilo mapema. Januari 1, 1960 alifungua Sun City nje kidogo ya Phoenix, mji wa wastaafu wenye viwanja vya gofu na mabwawa ya kuogelea, na nyumba zikagombewa. Huo ulikuwa uhamaji wa kuuza kila kitu kaskazini na kununua upya kusini.

Lakini upo wa aina ya pili, unaosemwa kidogo kwa sababu hauna majengo ya kupiga picha. Ni wa wale waliohama na magurudumu.

Wavuvi wa Unguja na Pemba wana neno lao kwa maisha ya namna hii: dago. Mvuvi huhama na chombo chake kufuata samaki, hupiga kambi ufukweni mbali na kwao, huishi na wenzake kwa sheria ndogo ndogo wanazozijua, na msimu ukigeuka hurudi. Dago kubwa la Wamarekani wazee liko Quartzsite, mji mdogo ulio kwenye makutano ya barabara kuu mbili magharibi mwa Arizona.

Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta hapo wakazi wapatao 2,400. Ukipita Julai, saa nane mchana, unaweza kudhani mji umehamwa. Ukipita Januari, jangwa lote kuzunguka mji limejaa magari meupe mpaka chini ya milima, moshi wa kuni unapanda jioni, na foleni ya kununua gesi ya mitungi inafika barabarani. Inakadiriwa kwamba mamia ya maelfu ya watu hupita hapo katika msimu mmoja.

(Katika makaburi ya mji huo kuna piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake. Amezikwa hapo Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa Marekani katika miaka ya 1850 kutoka himaya ya Waturuki, wakati jeshi lilipojaribu kutumia ngamia kubeba mizigo jangwani. Wamarekani hawakuliweza jina lake, wakamwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na mpaka leo wapiga kambi hupitia kaburini kwake kupiga picha.)

Ardhi inayopigiwa kambi ni ya umma, chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali kuu. Kwa kawaida ardhi hiyo haina ada, ila mtu haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 kabla ya kuhama. Mwaka 1983 idara hiyo ilitenga maeneo maalumu ya wageni wa muda mrefu. La Posa, nje kidogo ya Quartzsite, ni mojawapo, na lina ukubwa wa zaidi ya ekari 11,000.

Kwa miaka mingi kibali cha kukaa huko kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 kiligharimu dola 180, na cha siku 14 kiligharimu dola 40. Kibali hicho kimoja kilimruhusu mtu kuhama kutoka eneo moja la namna hiyo kwenda jingine, Arizona au California. Anayegawa dola 180 kwa usiku 212 ataona kwamba mzee huyo alilala kwa senti 85 kwa siku.

Kwa bei hiyo hapati anasa. Hakuna lami, hakuna mstari wa kuonyesha mwisho wa kiwanja chake, na umeme anajitengenezea mwenyewe kwa paneli za sola juu ya paa. Kilichopo ni bomba la maji, mahali pa kutupa taka, vyoo vichache vya shimo, na kituo cha kumwagia maji machafu. Gari huwa na matenki matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la chooni. Maisha yote ya kambi huzunguka matenki hayo. Mtu aliyezoea kuoga dakika ishirini mjini hujifunza jangwani kuoga kwa lita chache, na baada ya mwezi mmoja huona fahari akitaja idadi ya siku alizomaliza bila kujaza tenki.

Starehe ya maisha hayo wasiowahi kuyaonja hawaielewi upesi. Asubuhi ni baridi, pengine nyuzi nne au tano, na watu hutoka na vikombe vya kahawa wakifuata mahali jua linapopiga kwanza. Saa tano joto limefika. Wengine huenda milimani kuokota mawe ya thamani ndogo, na maonyesho ya vito yaliyoanza hapo miaka ya 1960 ndiyo yaliyoutangaza mji. Wengine hutengeneza betri za majirani. Mvua ikinyesha, jambo la nadra, vichaka vya jangwani hutoa harufu kali kama ya dawa, na watu hufungua milango ili iingie ndani. Usiku nyota ni nyingi kiasi kwamba waliotoka mijini huanza kuuliza majina yake.

Na kuna ujirani. Wengi wa wazee hawa kule kaskazini waliishi peke yao, watoto wameolewa au kuoa na kwenda mbali. Katika kambi, mtu asipotoka nje asubuhi anagongewa mlango. Aliyefiwa na mwenzake msimu uliopita hukuta kiti chake kimewekwa penye moto kama kawaida. Hiyo ndiyo huduma ambayo nyumba za kulelea wazee huitoza maelfu ya dola kwa mwezi, na mara nyingi haitolewi.

Fedha ziko wapi basi, kama kiwanja kinauzwa kwa senti? Ziko madukani. Mzee mwenye gari la nyumba hununua gesi ya kupikia na kupashia moto, mafuta ya jenereta, betri, matairi, dawa ya tenki la choo, nyama ya kuchoma na sehemu za bomba lililopasuka. Fundi wa kuchomea vyuma, fundi wa friji, kinyozi, mwenye mashine za kufulia na muuza mitumba wote wana kazi. Wengi wa wafanyabiashara hao wenyewe ni wahamaji, wanaofungua meza zao Novemba na kufunga Machi.

Umbali wa mwendo wa saa moja na nusu kuelekea kusini, hesabu hiyo huvuka hata mpaka. Bima ya afya ya wazee ya Marekani, katika mpango wake wa kawaida, hailipii matibabu ya kila siku ya meno. Hivyo wapiga kambi wa Arizona huenda Los Algodones, mji mdogo wa Mexico ulio jirani na Yuma, ambako madaktari wa meno ni mamia. Huegesha magari upande wa Marekani, kwenye kiwanja cha wenyeji wa asili wa kabila la Quechan, ambao hutoza ada ya maegesho, kisha huvuka mpaka kwa miguu na kurudi jioni na meno mapya. Kabila hilo halikujenga hoteli ili kumpata mteja huyo. Lilisawazisha ardhi mahali panapostahili.

Somo hilo halihitaji jangwa. Nchini Tanzania, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kusini-magharibi ya mji wa Iringa, shamba la Kisolanza limekuwa kwa miaka mingi likipokea wasafiri wanaopanda au kuteremka kati ya Afrika Kusini na Nairobi kwa magari yao. Msafiri hupata mahali pa kupiga hema, maji na moto, kisha hununua mazao ya shamba lenyewe. Hapo hakuna joto la kuuza, maana usiku wa Julai katika Nyanda za Juu hudai blanketi zito. Hata hivyo watu wanalala. Mwenye ekari tano kando ya lami, ambaye wazo lake la kwanza ni kukopa benki ajenge gesti ya vyumba kumi, angepaswa kulitazama shamba kama hilo kabla ya kutia saini.

Yuma yenyewe ni mahali pazuri zaidi pa kuona thamani ya joto na gharama zake, kwa sababu pale kilimo na kambi vinagombea jua hilo hilo. Kitabu cha rekodi cha Guinness kinautaja mji huo kuwa wenye jua jingi kuliko yote duniani, zaidi ya saa 4,000 kwa mwaka. Mvua haifiki milimita 100. Kwa maji ya Mto Colorado, mabonde yake hulimwa saladi, spinachi, brokoli na koliflawa kati ya Novemba na Machi, na wakulima wa eneo hilo hujivunia kwamba asilimia 90 hivi ya mboga za majani zinazoliwa Marekani majira ya baridi hutoka kwao.

Wakati huo huo wastaafu wanaingia kwa makumi ya maelfu. Viwanja vya magari ya nyumba vimejaa pembezoni mwa mji, vingine vikipakana na mashamba kiasi kwamba mzee anayekunywa kahawa mlangoni huwaona wakata saladi wakiwa wameinama tangu alfajiri.

Wakata saladi nao wamehamia kusini. Kampuni za mboga hukaa kwenye bonde la Salinas, California, kuanzia Aprili hadi Novemba, kisha hupakia mashine zao kwenye malori na kuzihamishia Yuma, na sehemu ya wafanyakazi husafiri nazo. Wengine maelfu huvuka kila siku kutoka San Luis Río Colorado, upande wa Mexico. Hupanga foleni mpakani usiku wa manane ili wawe shambani kunapopambazuka. Mabasi yanayowachukua huvuta nyuma yake vyoo vya kubebeka, vya magurudumu kama vya majirani zao wastaafu, ila hivi hutumiwa na watu makumi.

Haya si ya kupuuzwa na yeyote anayesifia maisha ya kusini. Saladi iliyo mezani kwa mzee ni rahisi kwa sababu mkata saladi hana uwezo wa kulala upande ule wa mpaka ambako anafanya kazi. Viwanja vya kuegesha vya kukodi vikipanda bei kwa ajili ya wageni wa msimu, vyumba na magari ya kuishi ya vibarua nayo hupanda. Mamlaka za miji ya joto hutenga ardhi kwa wageni wenye pensheni bila kusitasita, lakini inapotakiwa kambi ya wafanyakazi wa mashambani, majirani huanza kuzungumzia kelele na thamani ya nyumba zao. Mji unaoishi kwa misimu miwili ya wahamaji ungepaswa kuwawekea wote wawili maji na vyoo.

Hata miongoni mwa wazee wenyewe, si wote waliochagua. Mwandishi Jessica Bruder, katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, aliwafuatilia Wamarekani waliopoteza nyumba au akiba baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 na kuhamia ndani ya magari. Quartzsite ni mahali pamojawapo alipowakuta. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Hao ndio wanaokwenda kwenye viazisukari Oktoba, wanaosimamia kambi za hifadhi majira ya joto kwa malipo madogo, na wanaohesabu ada ya kibali mara mbili kabla ya kuilipa.

Kwa hiyo hoja ya kupandisha ada za kambi za jangwani inapoibuka, ni lazima iangaliwe kwa makini. Wanaoiunga mkono wana haki katika jambo moja: taka huzolewa kwa fedha, na magari mabovu yaliyotelekezwa jangwani huondolewa kwa fedha. Kuna pia wasio waungwana wanaomwaga tenki la choo kwenye mchanga usiku, na kusafisha uchafu huo ni kazi ya serikali.

Lakini anayekuja kwa wiki mbili na gari la dola laki mbili halingani na bibi mwenye gari dogo la mwaka 1998 ambalo ndilo nyumba yake pekee. Wa kwanza anaweza kutozwa mara tatu na asijue. Wa pili akitozwa hivyo ataondoka kwenye eneo lenye kituo cha maji machafu na kwenda kujificha vichakani kusiko na kituo, na gharama ya usafi itapanda badala ya kushuka. Kipandishwe kibali cha siku 14. Cha msimu mzima kibaki mahali ambapo mtu wa pensheni ndogo anakifikia. Mapato ambayo serikali haiyapati pale getini yatapatikana kwenye kodi za mauzo za mji, ambazo hulipwa siku kwa siku bila kusukumwa.

Wapo pia wanaonogewa. Msimu mmoja wa nyota na moto wa kuni, na mtu anaamua kuuza nyumba ya kaskazini ahamie moja kwa moja. Hapo ndipo tahadhari inapotakiwa, kwa sababu kambi huonyesha kusini ikiwa imevaa nguo zake nzuri.

Mwaka 2023 wilaya ya Maricopa, ilipo Phoenix, ilithibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa na makazi, lakini wapo waliokutwa ndani, kiyoyozi kikiwa kibovu au hakipo, na wanaoishi katika nyumba za kuhamishika wamo kwa wingi kuliko idadi yao inavyostahili. Mwaka 2024 mji huo ulipitisha siku 113 mfululizo zenye joto la kuanzia nyuzi 37.8. Gari la nyumba lenye kuta za bati jembamba katika siku kama hizo ni tanuri, na paneli za sola zilizotosha taa na redio Januari haziwezi kuendesha kiyoyozi Julai usiku kucha.

Florida ina yake. Kimbunga Ian kilipotua kusini-magharibi mwa jimbo hilo Septemba 28, 2022, viwanja vya magari ya nyumba vilivyokuwa karibu na bahari eneo la Fort Myers viligeuzwa vifusi. Bima ya nyumba katika jimbo hilo imekuwa mzigo unaowarudisha baadhi ya wastaafu kaskazini, jambo ambalo wauza viwanja hawalitaji kwenye vipeperushi vyao.

Kisha kuna maji. Agosti 2021 serikali kuu ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi katika sehemu ya chini ya Mto Colorado, na mwaka 2022 mgao wa Arizona kutoka mto huo ulipunguzwa kwa asilimia 18 hivi. Wakulima wa Yuma, wenye haki za zamani za maji, hawakuguswa sana. Wale wa katikati ya jimbo waliacha mashamba yakauke. Kanuni za mgao zilizowekwa mwaka 2007 ziliwekewa kikomo mwaka 2026, na majimbo saba yanayotumia mto huo yamekuwa yakivutana juu ya nani apunguziwe. Mzee anayenunua nyumba jangwani leo ananunua na sehemu ya ugomvi huo.

Njia ya busara ni ile wanayoifuata wazoefu wa dago la Quartzsite: kukaa msimu mmoja kwa kibali, kisha kurudi Julai kwa wiki moja, kupanga chumba mjini, kutembea saa tisa mchana hadi dukani na kuona mwili unasemaje. Kabla ya kununua, mtu aulize hospitali iko kilometa ngapi, na kodi ya kiwanja cha kuegesha ilipanda mara ngapi ndani ya miaka mitano, kwani wapo wanaomiliki nyumba ya magurudumu lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, na nyumba ya kuhamishika ikishazeeka haihamishiki tena.

Wakanada, ambao ni wateja wakubwa wa kusini, wamekuwa na hesabu ya ziada. Kwa kawaida huruhusiwa kukaa Marekani karibu miezi sita, na mikoa yao huwataka wawe nyumbani siku kadhaa kwa mwaka ili wasipoteze bima ya afya. Ontario inadai siku 153. Mzee wa Ontario hutunza kalenda kama mhasibu. Mwaka 2025, baada ya mgogoro wa ushuru kati ya nchi hizo mbili na agizo la kuwataka wageni wanaovuka kwa barabara na kukaa zaidi ya siku 30 kujiandikisha, safari za Wakanada za magari kwenda Marekani zilipungua kwa zaidi ya asilimia 30 katika baadhi ya miezi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Jua la Arizona lilikuwa lile lile. Wauza gesi, mafundi wa friji na wenye viwanja vya kuegesha ndio wanaojua kilichopungua.

Machi ikifika mwisho, Yuma huanza kunuka kabichi zilizobaki shambani. Mashine za kuvunia hupandishwa kwenye malori tayari kwa Salinas. Quartzsite meza za mitumba hukunjwa, na kwenye kituo cha maji machafu cha La Posa foleni huwa ndefu kuliko siku yoyote, kila mtu akitaka kuondoka na tenki tupu. Kibali kinaisha Aprili 15. Wengine wanaelekea Montana kusimamia kambi, wengine Saskatchewan kuona wajukuu, na wachache, ambao gari halitaweza tena safari, wanabaki wakitafuta kivuli.